Nauli na malazi ni sehemu ya matibabu ya mtoto

Mhariri,

Matibabu ya mtoto mwenye saratani ya damu yanaweza kuchukua zaidi ya miaka miwili, na mzazi anayemleta Muhimbili kutoka Kigoma au Sumbawanga huacha nyuma shamba, kibarua na watoto wengine. Hata dawa ikitolewa bure, bado ana nauli ya kulipa na mahali pa kulala pa kutafuta. Ndiyo maana naithamini sana kazi ya Tumaini la Maisha, taasisi inayoshirikiana na hospitali hiyo, ambayo pamoja na kugharimia tiba huzisaidia familia kwa malazi na nauli, huku watoto wakiendelea na masomo papo hapo wodini, jambo ambalo kwangu si dogo hata kidogo.

Ninachoomba ni kwamba gharama hizi zisiachiwe wafadhili peke yao. Kila hospitali ya rufaa inayolaza watoto itengewe fungu la nauli na malazi, na afisa ustawi wa jamii amuulize mzazi siku ile ile ya kwanza, kabla hajalazimika kuuza mbuzi wake, atalala wapi na atarudije kliniki tarehe aliyopangiwa.

Msomaji wako,
Dar es Salaam