Kwa nini i5 yetu ni ghali kuliko i7 uliyoiona kwenye simu

Mwezi uliopita kaka mmoja alishuka kwenye basi kutoka Makambako, akaweka begi juu ya meza ya duka letu la kompyuta hapa Mwanjelwa, Mbeya, na kabla salamu haijaisha akatueleza kwamba tunawaibia watu. Ushahidi alikuwa nao. Kwenye simu kulikuwa na picha ya kompyuta mpakato yetu yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i5 tunayoiuza Sh1,900,000, na ndani ya begi kulikuwa na yenye i7 aliyoinunua kwa kupiga simu na kutuma pesa, ikamfikia kama kifurushi, kwa Sh850,000. Alichotaka kwetu ni kuongezewa "kadi kidogo tu", yaani kadi ya grafiki inayochora picha za gemu, kwa kuwa gemu la mpira alilolinunulia mashine hiyo lilikuwa linagoma kufunguka.

Lalamiko hili tunalisikia kila wiki, na wenye nalo wanafanana: walicheza sana walipokuwa chuoni, kazi na watoto vikawatoa, na sasa wanarudi wakiwa na vipimo vya wakati ule. Aliyeondoka akiwa anacheza gemu la mpira la PES 2013 ana haki ya kudhani kwamba kompyuta yoyote yenye jina zuri inatosha, maana wakati huo ilikaribia kuwa kweli. Katika miaka aliyokuwa mbali, PES ilibadilishwa jina ikawa eFootball mwaka 2021, gemu la FIFA likawa EA Sports FC mwaka 2023, na magemu mengi makubwa sasa yanahitaji SSD (hifadhi ya kasi), RAM (kumbukumbu ya kazi) ya 16GB na kadi ya grafiki yenye kumbukumbu yake yenyewe.

Tuanze na hiyo i7. Namba 7 inaonyesha daraja ndani ya kizazi kimoja cha prosesa, kwa hiyo haiwezi kulinganishwa na i5 iliyozaliwa miaka mitano baadaye. Prosesa ya kaka yetu ilikuwa i7-7500U, ambayo ina viini viwili tu vya kuchakatia kazi, na herufi U mwishoni ina maana kwamba ilitengenezwa kwa kubana umeme. Ya kwetu ilikuwa i5-12450H, yenye viini vinane, na H ni ya mashine za kazi nzito. Kuna jambo la ziada: i7 hiyo ni ya kizazi cha saba, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Lakini kilichomuumiza zaidi ni "grafiki 8GB" iliyoandikwa kwenye tangazo, na hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu aliyeiandika hakusema uongo kamili. Tulibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tukafungua ukurasa wa utendaji, tukashuka hadi kwenye GPU (chipu ya grafiki), kisha tukamgeuzia kaka kioo asome mwenyewe. Mstari wa kumbukumbu ya grafiki yenyewe haukuwepo kabisa. Uliokuwepo ni wa kumbukumbu ya kuazima, nao ulisoma 7.9GB. Windows huiruhusu grafiki iliyomo ndani ya prosesa kuazima hadi karibu nusu ya RAM, na kwa kuwa mashine ilikuwa na RAM ya 16GB, muuzaji alichukua deni hilo akalitangaza kama mali. Kaka alinyamaza kidogo, akauliza kama basi hatuwezi kuongeza kadi. Hatuwezi. Katika kompyuta mpakato karibu zote, kadi ya grafiki imelehemiwa kwenye ubao mkuu tangu kiwandani, na ile uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo.

Hata ukipata kadi ya kweli, usiishie kusoma stika. Kadi ya Nvidia iitwayo RTX 4060 ya kompyuta mpakato inaweza kupangiwa na kiwanda wati 35 au wati 115, na zote mbili zitabeba jina lilelile. Mwanafunzi mmoja alituletea mashine nyembamba na nzuri mno, akishangaa kwa nini mwenzake wa chumbani mwenye kadi ya daraja la chini anamzidi kwa picha kutokwama. Kadi yake ilikuwa nzima; ilikuwa imebanwa wati ili kile kiwiliwili chembamba kisiungue. Ndiyo maana sisi, kabla ya kupanga bei, huendesha gemu zito kwa dakika 40 mashine ikiwa kwenye umeme, tukiandika wati na joto kwenye karatasi anayopewa mnunuzi. Saa hizo za fundi zimo ndani ya bei, wala hatuoni haya kuzitoza.

Chaja nayo ni sehemu ya mashine. Mama mwenye kibanda cha gemu Mbalizi alipoteza chaja ya wati 180, akanunua ya wati 65 ya bei ya kutupa kwa sababu kichwa kiliingia, kisha akaja kutulaumu kwamba betri inashuka ilhali waya umechomekwa. Baada ya wiki chache chaja hiyo iliungua na kuharibu njia ya kuchajia kwenye ubao, na matengenezo yakamgharimu zaidi ya mara tatu ya chaja sahihi.

Wengine hudhani baridi ya Mbeya itawasaidia kupoza. Inasaidia kiasi, ila tuko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani na hubeba joto pungufu kwa kila mzunguko wa feni. Na mwezi wa saba watu huingia na kompyuta kitandani, wakaziba matundu yake kwa blanketi. Kiangazi huja na vumbi. Kijana wa Uyole, akikwepa Sh30,000 zetu za kusafisha na kubadilisha pesti ya prosesa (uji unaopitisha joto lake), alipeleka mashine kwa fundi pancha ikapulizwa kwa kompresa ya matairi. Vumbi lilitoka, na feni pia ikazunguka kupita uwezo wake hadi beringi zikafa. Feni mpya iliagizwa kutoka Dar es Salaam kwa Sh110,000, mbali na usafishaji uleule aliokuwa ameukwepa.

RAM ni rahisi: vijiti viwili vya 8GB hufanya vizuri kuliko kimoja cha 16GB, na RAM ya kizazi cha DDR4 haiingii mahali pa DDR5. Ukija dukani, njoo na majina ya magemu unayotaka kucheza, nasi tutaanzia hapo.

Kaka wa Makambako alikaa kwenye kiti cha majaribio akacheza mechi mbili kwenye ile i5, akapoteza zote. Ile i7 amempa binti yake aandikie kazi za shule. Aliomba apunguziwe Sh100,000 kwa usumbufu alioupata kwa muuzaji mwingine. Tulimwongezea kijiti cha pili cha RAM bila malipo, na bei ikabaki palepale.