Mafua ya miezi miwili siyo mafua

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana kila masika yakiisha hapa Arusha stori ni ile ile, kazini, kanisani, kwenye daladala, watu wanapiga chafya mfululizo, macho mekundu yanawasha, kamasi jepesi kama maji, halafu wote wanakwambia flu ya safari hii imegoma kuisha. Jamani flu haiendi hivyo. Mafua ya virusi kwa kawaida siku saba mpaka kumi yameshakuachia, na mara nyingi koo linauma na mwili unachoka. Ukiona wiki ya tatu bado unapiga chafya, homa huna, ila pua na macho vinawasha, hapo fikiria aleji, nayo haina idadi ya siku, inakaa nawe mpaka kile kinachokuchokoza kiishe hewani.

Sasa ukiingia mtandaoni unaambiwa aleji ya msimu inaanza majira ya kuchipua. Hiyo kalenda ni ya Ulaya na Marekani, huko miti inatangulia, nyasi zinafuata kama Mei mpaka Julai, na Marekani kuna gugu linaitwa ragweed linawatesa watu kuanzia Agosti mpaka baridi kali ije iliue. Sisi baridi ya kuua majani tunaitoa wapi? Kwetu kalenda ni mvua. Masika yakikatika Mei nyasi zinachanua, chavua, yaani ule unga wa maua, inabebwa na upepo, na vuli ikinyesha vizuri zinachanua tena. Ndo maana mtu anateseka wiki kadhaa, anapumzika, anaanza upya mwisho wa mwaka akidhani kapata ugonjwa mwingine.

Na mjakaranda mnauonea tu. Kwa sababu Oktoba na Novemba barabara nzima ni zambarau basi kila chafya ni yake, wakati chavua yake nzito, inanata, inabebwa na nyuki siyo upepo. Ua la nyasi nani analiangalia?

Kinachoniudhi zaidi ni maduka ya dawa, unasema mafua tu unafungiwa amoksilini. Antibaiotiki ni ya bakteria, na hapa bakteria hayupo, ni mwili wenyewe umeiona chavua ukadhani ni adui ukamwaga histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho, chafya na kamasi. Zinazotakiwa ni dawa za kuzuia hiyo histamini. Piritoni inasaidia masaa manne mpaka sita na inalaza, kwa hiyo mtu wa bodaboda akiwa kazini asiiguse. Nyingine za aina hiyo, setirizini au loratadini, kidonge kimoja kinakufikisha kesho yake, ingawa setirizini nayo kuna watu inawasinzisha. Kwa anayeteseka muda mrefu dawa ya steroidi ya kupuliza puani ndo inasaidia zaidi, ila watu wanaitupa siku ya pili eti haifanyi kazi, kumbe inatakiwa itumike kila siku na inaweza kuchukua hata wiki mbili kushika vizuri. Yale matone ya kuzibua pua ni kinyume chake, yanazibua hapo hapo, lakini ukiyazoea ukapitisha siku tano pua inaziba kuliko ulivyoanza, na wapo watu wanatembea na kichupa mfukoni mwaka mzima bila kujua kichupa chenyewe ndo tatizo.

Ombi langu mhariri ni dogo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa utabiri wa masika na vuli huwa mnauchapisha, basi pembeni wekeni mistari miwili mitatu ya wenye aleji, kwamba waongee na daktari waanze dawa mapema kabla nyasi hazijachanua, mashuka wasianike nje kipindi hicho, na anayebanwa kifua usiku au anayepumua kwa mluzi asisubiri msimu upite, aende hospitali apimwe pumu. Nafasi ikiwabana punguzeni kwenye utabiri wa nyota.

Msomaji wenu,
Arusha