Mkrismasi au Jakaranda? Usichague kwa Rangi ya Maua

Mteja anayetafuta mti wa kivuli wenye maua mara nyingi hufika kitaluni akiwa ameshaamua: anautaka mkrismasi mwekundu au jakaranda ya zambarau. Hatumlaumu, maana miti hii miwili ikichanua hakuna asiyegeuka kuitazama. Tatizo ni kwamba rangi ndilo jambo la mwisho la kuangalia. Kabla yake kuna joto la mahali na kuna nafasi. Ukikosea la kwanza, utamwagilia kwa miaka mti usiotoa ua. Ukikosea la pili, maua utayapata, na ukuta uliopasuka pia.

Mkrismasi, ambao wengine huuita mkakaya na wataalamu huuita Delonix regia, kwao ni kwenye misitu mikavu ya Madagaska. Ni mti wa joto. Hustawi pwani na nyanda za chini, huvumilia upepo wa chumvi, na ukame haumsumbui mti uliokwisha kushika ardhi. Kadiri unavyopanda mwinuko ndivyo unavyokua polepole na kuchanua kwa uchoyo, na jalidi, yaani baridi ya kugandisha umande, huua mche kwa usiku mmoja.

Jakaranda, Jacaranda mimosifolia, imetoka kaskazini-magharibi mwa Argentina na Bolivia, mahali penye kipindi cha baridi kisicho na mvua. Kwa hiyo inapenda nyanda za kati na za juu, takriban mita 500 hadi 2,400 kutoka usawa wa bahari. Ukiipanda pwani kwenye joto na unyevunyevu wa mwaka mzima, itaota, itarefuka na kupendeza kwa majani, lakini maua yatakuwa ya kuhesabu. Inahitaji miezi ya ukavu na ubaridi ili ipukutishe majani na kufunga vitumba. Mti mkubwa huvumilia jalidi nyepesi, mche hauvumilii.

Basi sheria yetu ni fupi: penye joto la kudumu panda mkrismasi, penye baridi kavu panda jakaranda. Katikati ya hapo, chagua rangi.

Hakikisha umenunua ulichokusudia

Miche ya miti hii ikiwa ya urefu wa goti hufanana mno. Yote ina majani ya vijani vidogo vilivyopangika kama unyoya wa ndege, na hata wauzaji huchanganya. Tazama jinsi majani yanavyoshikana na shina. Ya jakaranda hukaa mawili mawili, yakitazamana. Ya mkrismasi hupishana, moja huku, jingine juu kidogo upande wa pili. Kisha shika kijani kimoja: cha jakaranda kina ncha kali, na kile cha mwisho kabisa ni kirefu kuliko wenzake. Vya mkrismasi ni butu. Chini ya kikonyo cha jani la mkrismasi utaona pia vijiunyoya viwili vya kijani, ambavyo jakaranda haina.

Ukishajua ni upi, angalia kiriba, yaani mfuko wa plastiki ulioshika mche na udongo wake. Mche wa sentimita 30 hadi 60 ndio bora. Ule wa mita moja na nusu uliobanwa kwenye kiriba kidogo unavutia macho, lakini mzizi mkuu umeshajizungusha chini kama kamba. Mzizi huo haujinyooshi baadaye. Mti hukua miaka michache, kisha upepo mkali huung'oa mzima mzima. Mzizi ukiwa umetoboa kiriba na kuingia ardhini, acha mche huo.

Kuotesha kwa mbegu

Hapa ndipo tofauti ni kubwa zaidi. Mbegu za jakaranda ni nyepesi, zina kijibawa chembamba, na hazihitaji matayarisho. Chuma maganda ya mviringo yakiwa ya kahawia kabla hayajapasuka, yaanike hadi yafunguke, sia mbegu juu ya udongo laini na uzifunike kwa milimita 3 hadi 5 tu. Zikizikwa chini zaidi, nyingi huoza. Tunza unyevu bila kulowesha. Huota ndani ya wiki mbili au tatu.

Mbegu za mkrismasi ni ngumu kama kokoto. Ukizipanda hivihivi, chache zitaota mwezi ujao, nyingine mwakani, nyingine zitaliwa na wadudu. Sababu ni ganda lisilopitisha maji, na dawa yake ni kulifungua. Kama una mbegu chache, sugua upande mmoja kwa tupa au msasa, au ng'ata ganda kwa kikata kucha, upande ulio mbali na jicho la mbegu, mpaka uone weupe wa ndani. Kisha loweka usiku kucha kwa maji ya kawaida. Kama ni nyingi, chemsha maji, yaepue, yaache dakika chache yapoe kidogo, yamwagie mbegu na uziache humo saa 24. Usizichemshe jikoni pamoja na maji, hizo umezipika. Mbegu iliyovimba iko tayari, isiyovimba irudie. Panda kwa kina cha sentimita 1 hadi 2, mbegu moja kwa kiriba, kwa sababu mzizi mkuu hushuka haraka na haupendi kuhamishwahamishwa.

Udongo wa viriba ni uleule kwa yote miwili: sehemu tatu za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza vizuri, moja ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi na huwafuga wadudu. Kivuli chepesi mwanzoni, kisha wiki mbili au tatu za kuuzoesha mche jua kali kabla ya kuutoa kitaluni.

Nafasi na shimo

Mwavuli wa mkrismasi mara nyingi ni mpana kuliko mti ulivyo mrefu. Mti wa mita 10 unaweza kufunika upana wa mita 12 au zaidi, na mizizi hutembea juujuu, huvimba na kuinua sakafu. Uweke angalau mita 8 hadi 10 kutoka ukuta, shimo la maji taka, bomba au njia ya vigae. Uwanja wako hauna nafasi hiyo? Usiupande. Hakuna upogoaji utakaougeuza kuwa mti mdogo. Nyasi chini yake nazo zitashindwa, kwa kivuli na kwa mizizi.

Jakaranda hurefuka zaidi na kutanuka kidogo. Mita 5 hadi 6 kutoka ukuta zinatosha, ingawa nayo huinua vigae ikibanwa. Usiipande juu ya maegesho wala bwawa la kuogelea: maua yanayoanguka huteleza, na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani, wakiingia hudondosha utomvu unaonata juu ya magari.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza, na uweke mche ili shingo ya shina, pale shina linapokutana na mizizi, iwe usawa uleule iliokuwa nao kitaluni. Kuzika shingo ni kosa la kawaida, na matokeo yake, kuoza kwa gome, huonekana umechelewa. Tandaza majani makavu, ukiacha kiganja kizima kati ya matandazo na shina. Lita 20 kwa wiki zinatosha kiangazi cha kwanza na cha pili. Kwenye mchanga zigawe mara mbili.

Kupogoa: mahali wengi huharibu

Jakaranda isikatwe kichwa. Ukifyeka matawi makuu, kila kidonda hutoa rundo la machipukizi yaliyosimama wima kama ufagio, yenye maungio dhaifu, na umbo lile la asili halirudi tena. Ondoa matawi makavu na yanayosuguana tu, na mti ukiwa mchanga bakiza shina kuu moja.

Mkrismasi unahitaji mkono zaidi, hasa miaka mitano ya mwanzo, kwa sababu mbao zake ni dhaifu na hukatika kwa upepo. Hatari kubwa ni shina lililogawanyika mawili kwa mfano wa V, gome likiwa limebanwa katikati. Hapo ndipo hupasuka. Chagua moja, fupisha jingine mapema. Tawi lolote linalozidi nusu ya unene wa shina lipunguzwe. Ondoa ya chini pole pole hadi upate mita 2 za shina tupu. Fanya kazi hii baada ya maua, si kabla.

Viwavi wanaweza kuvua mkrismasi majani yote. Mti mkubwa huchipua tena wenyewe. Mche ndio wa kuokotea kwa mkono.

Matumizi mengine

Nyuki hufuata yote miwili. Mbao za jakaranda ni rahisi kuchonga, zinafaa vinyago na mipini. Za mkrismasi hazina kazi kubwa na mchwa huzipenda, lakini maganda yake marefu yakikauka ni kuni nzuri na mbegu zake hutungwa shanga. Tahadhari moja kuhusu jakaranda: hujiotesha. Afrika Kusini, ambako Pretoria inaitwa mji wa jakaranda, imeorodheshwa miongoni mwa mimea ya kigeni vamizi. Usiipande kando ya mto.

Kama mti wako hautoi maua

Kwanza hesabu umri. Mkrismasi wa mbegu huchukua takriban miaka 5 hadi 10; jakaranda ya mbegu huweza kufika miaka 7 hadi 14, ya kubebeshwa, yaani iliyounganishwa kikonyo cha mti mkubwa, huwahi. Umri ukiwa umetimia, angalia kama unapata jua angalau saa sita, kama mbolea ya nyasi ya jirani yenye naitrojeni nyingi inaufikia, na kama bado unaumwagilia kiangazi chote. Funga maji miezi ya ukavu kabla ya msimu wa maua, sitisha mbolea, na usiguse matawi mwaka huo.