Mvulana mbona hachafuki?

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu hadithi za vijana na mapenzi ya shuleni, naomba niseme moja tu linaloniuma. Hadithi nyingi tulizosoma sisi, binti akishapenda basi kaharibika, mtaa mzima unamwita malaya, anapata mimba, anafukuzwa shule, mwisho anakufa au anaishia baa, ila yule kijana aliyekuwa naye anatoweka katikati ya kitabu na jina lake safi kabisa, wenzake wanamwita kidume.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, alisemwa wiki nzima kwenye status za WhatsApp kisa kapiga picha na mvulana, mvulana mwenyewe hakuulizwa kitu. Hapa Tanzania tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi shule, sasa kwa nini vitabu bado vinawafungia mlango?

Waandishi watuandikie na upande wa huyo mvulana, na walimu wa Kiswahili hadithi hizo wazijadili darasa zima jamani, wavulana wakiwepo, sio wasichana tu waitwe pembeni kuhubiriwa.

Mama wa binti, Morogoro