Viboga vinadondoka, tunalaumu mbegu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Masika iliyopita maboga yangu huku Kibosho, Moshi, yalichanua kwelikweli, ila viboga vikifika ukubwa wa ndimu vinageuka njano na kudondoka. Nikalaumu mbegu, nikakimbilia duka la pembejeo mjini. Muuzaji hakuniuliza hata swali moja. Akanipa busta, ile mbolea ya kupulizia majani, nikalipa, nikapulizia wiki mbili. Viboga vikaendelea kudondoka.

Kumbe shina la boga lina maua ya aina mbili. Ua dume husimama juu ya kikonyo chembamba. Ua jike limekalia kiboga kidogo hata kabla halijafunguka. Hicho si tunda bado. Ni ovari, na ndani mmejaa viyai vinavyosubiri chavua, yaani ule unga wa ua dume. Chembe ya chavua ikinasa katikati ya ua jike huotesha kijimrija kinachoteremka hadi kwenye kiyai, na hapo ndipo mbegu inapoanza. Kila mbegu na chembe yake. Boga moja lina mamia ya mbegu, basi piga hesabu mwenyewe. Chavua ikifika kidogo, tunda hukua upande au hunyauka. Mahindi nayo vivyo hivyo: kila unywele wa zile ndevu ni wa punje moja, ndiyo maana unakuta gunzi lenye mapengo. Ndizi za kihambani, yaani za shamba la nyumbani, hujitungia bila chavua wala mbegu, labda ndizo zilizotusahaulisha.

Chavua ya boga ni nzito na inanata, upepo hauiwezi. Mbebaji ni nyuki, na ua hufunguka alfajiri, kufika adhuhuri limeshasinyaa. Sasa maharage yetu tunayapulizia dawa ya wadudu saa ngapi? Saa tatu asubuhi, tukishakunywa chai! (Simsemi jirani, mimi mwenyewe nilikuwa hivyo.)

Siku hizi saa kumi na mbili na nusu nachuma ua dume, nalibandua petali, nalipaka katikati ya ua jike. Shemeji anacheka, eti nimekuwa padri wa kufungisha maboga ndoa. Kati ya tisa niliyoyapaka, saba yameshika.

Wenye maduka, kabla ya kutoa chupa mwulizeni mteja kama anaona nyuki shambani kwake. Na anayelazimika kupulizia angoje jioni, nyuki wakisharudi mizingani.

Mama mkulima,
Kibosho, Moshi