Jumamosi: tunaanza Paje, Jozani baadaye

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Ratiba ya safari yetu ya kuona mashamba ya mwani Paje na msitu wa Jozani imegeuka kwa sababu ya bahari. Mwezi ni mpevu, ni bamvua (maji hujaa na kupwa sana), na pwani ya mashariki maji yatapwa kabisa karibu saa 4 asubuhi. Hapo ndipo akina mama wa mwani wanapokuwa shambani. Tukichelewa, maji yakijaa, vigingi na kamba za kufungia mwani hatuvioni tena. Kuahirisha hadi wiki ijayo hakusaidii, yatakuwa maji mafu (hayapwi sana).

Mtakaowauliza wakulima: tutaona zaidi mwani aina ya spinosamu. Aina nyingine, kotoni, ina bei nzuri zaidi, ila maji yakipata joto huoza na kukatika kwenye kamba.

1. Kuondoka: Darajani, saa 1:00 asubuhi. Gari halisubiri.
2. Mchango: Sh 30,000 (gari, chakula cha mchana, kiingilio cha Jozani). Umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi saa 2 usiku.
3. Viatu: raba za kufunga. Ndala hunasa kwenye tope, na kule kwenye mawe kuna wale wanyama wa baharini wa miiba myeusi. Mwiba ukiingia mguuni huvunjikia ndani.
4. Kijijini tuvae nguo za heshima.

Jozani, kaeni mbali na kima punju (kima wekundu wa msitu huo), na msiwape chakula hata wakiwasogelea. (Wakila mkaa msishangae, ndiyo kawaida yao.)

Nahitaji wawili: wa maji ya kunywa na wa sanduku la huduma ya kwanza. Nani?

Tafadhali andika jina na "nipo" au "sipo" kabla ya kesho saa 4 usiku, nijue ukubwa wa gari.