Mlima una wenyewe, tusiende Ausangate mbio mbio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Sisi ni vijana wanne wa hapa Tanga, mwaka wa pili huu tunadunduliza hela tukauzunguke kwa miguu mlima Ausangate kule Peru, na tangu habari ienee Ngamiani kila siku mtu ananisimamisha, huyu anataka kujiunga, yule anasema tunaenda kuabudu mizimu ya watu.

Wa kujiunga karibuni, ila sio kwa haraka mnayoitaka. Kuna kaka yangu mmoja anasema siku tisa zinatosha kwenda na kurudi, kisa alipanda Kilimanjaro akafika. Jamani. Cusco, mji ambao ndege inakushusha, uko mita 3,400 hivi, wakati Usambara yetu yote ukipanda mpaka mwisho hufikishi 2,400, yaani umetoka tu uwanjani na begi lako tayari uko juu ya Lushoto kwa mbali. Halafu Kilimanjaro pale kambi ya Kibo, mita 4,720, unalala masaa machache, unapanda kileleni na siku hiyohiyo unashuka kambi ya chini, Horombo. Ausangate kilele hatugusi, kinapita mita 6,300 na kinataka watu wa kamba na shoka la barafu, sisi tunauzunguka tu siku tano au sita, lakini unalala hukohuko juu usiku baada ya usiku, kambi nyingi zinazidi mita 4,300 na njia inavuka sehemu za zaidi ya 5,000. Hewa huko juu ni nyepesi, mwili haupati pa kupumulia.

Mwaka juzi kampuni iliyotupandisha Kilimanjaro ilituwekea siku tano, bei ikatuvutia tukakubali. Mwenzetu alianza kuumwa kichwa Horombo akanyamaza, kufika Kibo anatapika na kamba za viatu hawezi kufunga, anaziangalia, anazishika, vidole havimtii. Nilimfunga mimi. Akashushwa usiku uleule, alipofika chini akapata nafuu. Kwa hiyo safari hii tunaanzia bonde la Urubamba ambalo liko chini kuliko Cusco, tukae siku nne tano mwili uzoee, ndio tupande Tinki, kijiji njia inakoanzia, tukodi farasi na mwenye farasi. Na mtu akianza kutapika hatupandi, tunashuka, hilo halina mjadala.

Sasa hili la mizimu. Wenyeji wa kule wanaongea Kiquechua na mlima wanauita Apu, yaani bwana, ndiye anayewalindia watu, alpaka zao, wale wanyama wa manyoya wanaofugwa kule, na maji. Kabla ya kuondoka mtu anachukua majani matatu ya koka, mmea unaotengenezewa kokeini, anayapanga vizuri vidoleni, anayapulizia kuelekea mlimani. Mimi Muislamu sitapulizia, lakini nitasimama kimya mpaka amalize, kwani pale Amboni mgeni akikuta watu wameweka ubani wao kwenye pango la mzimu si anapita kwa adabu? Na hayo majani kule ni halali, chai yake utaikuta kila hoteli, ila usirudi na hata jani moja mfukoni, huku ni kesi ya madawa ya kulevya.

Mwanzo tulitaka twende wakati wa Qoyllur Rit'i, hija kubwa ya bonde la Sinakara, jirani na Ausangate, inayofanyika Mei au Juni, UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia usioshikika mwaka 2011. Zamani wanaume wanaoitwa ukuku walikuwa wanashuka alfajiri na mabonge ya barafu mgongoni, watu wakiamini maji yake yanaponya, sasa wameacha kuikata kwa sababu barafu yenyewe inaisha. Niliposoma hapo niliumia kweli, nikakumbuka na theluji yetu ya Kilimanjaro inavyopungua. Tukakubaliana tusigeuze ibada ya watu kuwa picha zetu za simu, tutaenda Julai, bado ni kiangazi, ingawa usiku maji yanaganda kwenye chupa.

Anayetaka kuja kwa siku kumi na nane, sio tisa, tupo. Mwezi huu kila Jumamosi tunapanda gari la alfajiri kwenda Lushoto, kila mtu na begi lake la kilo kumi mgongoni.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga